Usingizi Usiomshibisha Mtu: Hotuba Kuhusu Sonona ya Majira ya Baridi

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi.

Nimeombwa nizungumzie sonona ya msimu, ile huzuni nzito inayomrudia mtu kila mwaka siku zinapofupika na kumwachia siku zinaporefuka. Nimechagua kuingia kwa mlango wa usingizi, kwa sababu huzuni ina watu wa kuisemea na usingizi hauna. Mtu akilia, nyumba nzima humkusanyikia. Akilala mpaka saa nne asubuhi, akaamka hoi, akasinzia tena mezani mchana, ataitwa mvivu, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujiita hivyo. Usingizi ule ni dalili ya ugonjwa. Una sababu zake mwilini. Na kuongeza saa za kulala hakuutibu, aghalabu kunauzidisha. Hilo la mwisho ndilo nililojia hapa, na nitalikawilia.

Tuitazame kwanza sura ya ugonjwa wenyewe. Katika sonona tuliyozoea kuisikia, usingizi humkimbia mgonjwa: huamka saa tisa za usiku akabaki anatazama dari, chakula hakimpandi, mwili unakonda. Sonona ya majira ya baridi kwa kawaida huja kinyume chake. Mgonjwa hulala sana na hula sana, hasa vyakula vya wanga na vitu vitamu, akanenepa. Miguu na mikono huwa mizito kama imefungwa mawe. Hamu ya kukutana na watu hupungua, simu hazipokelewi, mialiko hukataliwa. Kwa wengi uzito huu wa mwili hutangulia, na huzuni hufuata baadaye. Ndiyo maana mtu anaweza kupitia wiki kadhaa akidhani amechoka tu na kazi, kumbe ugonjwa umekwisha kuingia. Madaktari huuhesabu kuwa wa msimu ukijirudia kwa mpangilio huo huo kwa miaka miwili mfululizo angalau, na kuondoka kabisa majira yanapobadilika. Wapo pia wachache wanaougua majira ya joto, na hao hukosa usingizi na hamu ya chakula, wakawa na wahaka. Leo sitawasemea, ila wajue nao kwamba hali yao inatambulika.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1984 na Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, pamoja na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani. Waliandika habari za wagonjwa 29. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mhandisi mmoja, Herbert Kern, ambaye kwa miaka mingi aliweka kumbukumbu za hali yake ya moyo, akaona mwenyewe kwamba inapanda na kushuka pamoja na majira. Alizipeleka kumbukumbu hizo kwa watafiti. Mwaka 1980 mmoja wa watafiti hao, Alfred Lewy, alikuwa ameonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: mwanga mkali, wa kiasi cha luksi 2,500 (luksi ni kipimo cha mwanga), huzuia mwili wa binadamu kutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba ni usiku, na taa za kawaida za nyumbani hazikufanya hivyo kwa kiwango kile. Basi Kern akawekewa mwanga mkali kabla ya mapambazuko na baada ya machweo, ili siku yake ya baridi irefushwe iwe kama siku ya majira ya kuchipua. Baada ya siku chache akaanza kupata nafuu. Mimi humheshimu sana mtu huyu. Aliamini alichokiona katika mwili wake mwenyewe miaka ambayo hakukuwa hata na jina la kumwambia daktari.

Sasa, kwa nini usingizi?

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna kifundo cha seli kama 20,000. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Ndicho kinachopanga lini joto la mwili lipande, lini homoni ya melatonini ianze kutoka, lini tusinzie na lini tuamke. Kwa watu wengi saa hii, ikiachwa peke yake, huzunguka kwa muda unaozidi kidogo saa 24. Maana yake kila siku inataka kuchelewa, na kila asubuhi inahitaji kitu cha kuirudisha mahali pake. Kitu hicho ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni.

Hauingii kwa njia ile tunayoonea. Mwaka 2002 David Berson na wenzake, kwa kuchunguza panya, walionyesha kwamba ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mna seli chache zinazohisi mwanga zenyewe kwa rangi iitwayo melanopsini, na kwamba seli hizo hupeleka habari moja kwa moja kwenye ile saa ya ubongo. Hupenda zaidi mwanga wenye ubuluu, kama ule wa anga la asubuhi. Hata baadhi ya vipofu wasioona chochote bado saa zao hurekebishwa na mwanga kwa njia hii. Na mwaka 2013 Kathryn Roecklein na wenzake wa Marekani walipima jinsi mboni za macho zinavyoitikia mwanga wa buluu, wakaona kwamba kwa wenye sonona ya msimu mwitikio huo ulikuwa dhaifu kuliko kwa watu wengine. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kukaa katika chumba kimoja, chini ya dirisha moja, na mmoja wao akapokea mchana hafifu kuliko mwenzake. Yule mwenye afya anaposema, “Mbona mimi naamka?”, anapima mwili wa mwenzake kwa mwili wake.

Wataalamu wana maelezo mawili ya kilichoharibika, na nadhani yote mawili yana ukweli kwa wagonjwa tofauti. La kwanza linahusu urefu wa usiku. Mwaka 2001 Thomas Wehr na wenzake walionyesha kwamba kwa wagonjwa hawa, melatonini hutoka kwa muda mrefu zaidi usiku wa baridi kuliko wa kiangazi, kama inavyotokea kwa wanyama wanaobadilika kufuatana na majira. Kwa watu wenye afya waliolinganishwa nao, tofauti hiyo haikuonekana. Yaani mwili wa mgonjwa bado unausoma usiku wa nje, wakati miili ya wengine, kwa ajili ya taa zetu, imekwisha kuacha kuusoma. La pili ni la Lewy: kwa wengi wao saa ya ndani imechelewa ikilinganishwa na usingizi. Kengele inalia saa kumi na mbili asubuhi, na ndani ya mwili bado ni saa kumi alfajiri. Melatonini haijaisha, joto la mwili halijapanda. Mtu huyo ameamshwa katikati ya usiku wake, kisha anatakiwa aoge, avae, asalimie watu kwa uso mkunjufu. Akifanya hivyo kila siku kwa miezi minne au mitano, tusishangae akivunjika moyo.

Kuna pia suala la serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kutoka Australia ulionyesha kwamba ubongo hutoa serotonini kidogo zaidi majira ya baridi, na kwamba kiasi chake hufuata jua la siku ile ile. Hilo linasaidia kueleza huzuni na ile tamaa ya wanga.

Nilisema kwamba kulala zaidi hakutibu. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa maana ndipo watu wema wanapokosea wakiwa na nia njema kabisa.

Kuna hali tatu tunazozichanganya. Ya kwanza ni kusinzia: macho yanafumba yenyewe, ukikaa kimya dakika tano umelala. Ya pili ni kuishiwa nguvu: mwili hauna uwezo, na ukipewa kitanda katikati ya mchana hulali, unajilaza tu. Ya tatu ni kushindwa kutoka kitandani kwa sababu dunia ya upande wa pili wa blanketi imekuwa ngumu. Mgonjwa wa sonona ya msimu anaweza kuwa nazo zote, na zote anaziita usingizi. Anakwambia, “Nimelala kwa muda wa saa kumi na moja.” Ukimwuliza polepole, unagundua kwamba alikuwa kitandani kwa saa hizo kumi na moja, na kati ya hizo kuna saa za kugeuka ubavu huu na ubavu ule, na saa za asubuhi ambazo alikuwa macho chini ya shuka asiweze kuinuka. Vipimo vya usingizi vilivyofanywa maabara miaka ya 1990 vilionyesha kwamba wagonjwa hawa, wakati wa sonona yao ya baridi, walilala usingizi uliokatika zaidi na wenye sehemu ndogo zaidi ya ule usingizi mzito wa kina. Wanatumia muda mwingi kupata kidogo. Ndiyo maana wanaamka wakiwa hawajashiba.

Basi mtu huyo anafanya nini? Anafanya ambalo kila mmoja wetu angefanya. Anasema leo nitalala mapema na kesho nitaamka kwa kuchelewa, nifidie. Mapazia yanafungwa ili apumzike vizuri. Anaamka saa nne. Lakini katika majira ya baridi ya nchi za kaskazini, jua linaweza kuchomoza saa mbili au saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa au kumi alasiri. Ukiamka saa nne na kukaa ndani, umekosa mwanga ule pekee ambao ungeirudisha saa yako. Saa inachelewa zaidi. Kesho yake kuamka ni kugumu zaidi kuliko jana, kwa hiyo unalala zaidi, kwa hiyo unakosa mwanga zaidi. Na pale kitandani hakuna mtu wa kuzungumza naye, hakuna kazi iliyokamilika, hakuna jambo dogo la kufurahia. Huzuni inapata nafasi pana. Usingizi unailisha sonona, sonona inaulisha usingizi, na mtu yuko katikati akiamini kwamba tatizo lake ni kutolala vya kutosha.

Kwa hiyo ninachowasihi wagonjwa na jamaa zao ni hiki: pigania saa ya kuamka. Usiipiganie saa ya kulala. Hiyo itajipanga yenyewe. Chagua wakati mmoja wa kuamka, ushike siku za kazi na siku za mapumziko, na ndani ya saa ya kwanza peleka macho yako kwenye mwanga. Najua ninachokiomba. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, kuamka saa moja asubuhi mwezi wa Januari ni kazi kubwa kuliko kazi atakazofanya siku nzima. Ndiyo maana siamini kwamba aachwe aifanye peke yake. Mtu wa nyumbani akifungua mapazia, akawasha taa, akakaa naye wanywe kitu cha moto karibu na dirisha, amemsaidia kuliko mawaidha yote.

Mwanga wenyewe ni upi? Macho yetu yanatudanganya hapa, kwa kuwa hujizoesha haraka. Chumba tunachokiona kuwa king'avu usiku mara nyingi hakizidi luksi mia mbili au mia tatu. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, unaweza kukuta luksi elfu kadhaa. Jua kali la mchana hufika 100,000. Kutembea nje asubuhi, hata siku ya kijivu, kuna thamani. Pale ambapo alfajiri haitoshi, kuna taa maalumu za tiba zinazotoa luksi 10,000, na kipimo cha kawaida ni kukaa mbele yake kama dakika 30 mapema asubuhi, macho yakiwa wazi ila hayaikodolei taa yenyewe. Unaweza kusoma au kula huku ukiwa umekaa hapo. Zingatia umbali ulioandikwa na watengenezaji, maana ukisogea nyuma kidogo mwanga unaofika machoni hupungua sana. Taa iwe imechuja miali ya urujuanimno. Wengi huanza kuona nafuu ndani ya wiki moja au mbili, na mara nyingi usingizi wa asubuhi ndio wa kwanza kulegea.

Tiba hii si ya kuchezea. Mwenye ugonjwa wa retina, au anayetumia dawa zinazofanya macho au ngozi kudhurika na mwanga, amwone daktari wa macho kwanza. Mwenye ugonjwa wa baipola asianze bila daktari wake, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumrusha kutoka huzuni hadi msisimko uliopita mpaka. Na taa ikitumiwa usiku huifanya saa ichelewe zaidi, kinyume cha tunachotaka.

Nguvu ya tiba hii imepimwa. Nchini Kanada, utafiti wa Raymond Lam na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 uliwagawa wagonjwa 96 katika makundi mawili kwa wiki nane: wengine mwanga na kidonge kisicho na dawa, wengine fluoksetini, dawa ya sonona, na taa hafifu isiyo na tiba. Katika kila kundi asilimia 67 walipata nafuu ya kutosha. Mwaka huo huo bupropioni, dawa nyingine ya sonona, iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kuzuia sonona hii kabla haijaanza. Kuna pia tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mwenendo, na hii naithamini kuliko watu wengi wanavyoithamini. Kelly Rohan wa Chuo Kikuu cha Vermont aliilinganisha na taa kwa watu 177. Mwisho wa matibabu zilikuwa sawasawa. Lakini baridi ya pili baadaye, waliokuwa wametumia taa sonona iliwarudia asilimia 45.6, na waliopata mazungumzo asilimia 27.3. Taa inafanya kazi ikiwashwa. Alichojifunza mtu kuhusu namna ya kuzikabili asubuhi zake hubaki naye.

Watu huniuliza kama ugonjwa huu ni wa kaskazini tu. Umbali kutoka ikweta una uzito: utafiti wa mwaka 1990 nchini Marekani ulikadiria kwamba wanaougua ni asilimia 1.4 ya watu huko Florida, jimbo la kusini, na 9.7 huko New Hampshire, jimbo la kaskazini. Hata hivyo, nchini Iceland, kaskazini kuliko huko kote, walipatikana wagonjwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwa hiyo urithi na maisha ya watu vina sehemu yake. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hasa katika umri wa ujana na utu uzima wa mwanzo. Kusini mwa dunia miezi hugeuka: Juni na Julai huwa kama Desemba na Januari. Na anayehama kutoka nchi za ikweta kwenda mbali anaweza kukutana na hali hii kwa mara ya kwanza ukubwani, bila kuwa na ndugu yeyote aliyewahi kumsimulia. Huyo namwombea sana apate mtu wa kumweleza mapema.

Lakini si kila usingizi wa baridi ni sonona. Mtu anayekoroma sana na kukatika pumzi usiku, mwenye upungufu wa damu, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, anayetumia dawa za mzio au nyinginezo zenye kulevya usingizi, wote hawa husinzia mchana, na taa haitawatibu. Vipimo vya damu na maswali machache ya daktari vitaonyesha tofauti. Na wapo wengi ambao baridi huwapunguzia kasi kidogo tu bila kuwaangusha. Hao wana haki ya kupunguza kasi.

Ninamalizia na majira ya kuchipua, kwa sababu tunayafurahia mno tukasahau kulinda watu. Usingizi ukipungua na nguvu zikarudi, jamaa husema amepona. Si lazima. Nguvu zinaweza kurudi kabla ya matumaini, na mtu aliyekuwa amechoka mno hata kutenda jambo akawa sasa anaweza. Tangu karne ya 19 takwimu za nchi nyingi zimeonyesha kwamba vifo vya kujiua huongezeka wakati huo wa mwaka, siku zinaporefuka. Kwa hiyo miadi na daktari isikatishwe Machi kwa sababu mgonjwa ameanza kuamka mapema. Dawa zisiachwe ghafla. Mwulize waziwazi kama amekuwa akifikiria kufa; swali hilo halimpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hushukuru kwamba hatimaye mtu ameliuliza. Akijibu ndiyo, kaa naye, usimwache peke yake, na mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Kisha, majani yatakapoanza tena kupukutika, usingoje alale mpaka saa nne ndipo mtoe taa kabatini; iwe mezani wiki mbili kabla ya ule wakati ambao mwaka jana alianza kuchelewa kuamka.